Binamu wa Osaka

Hebu piga picha: kwenye treni ya kwenda St Marys, huku ughaibuni, mume na mke Wakenya wanapanga bajeti ya kwenda kuteleza kwenye theluji Hokkaido, Japani.

"Viatu vya kukodi tumeweka, basi la mlimani tumeweka. Chakula cha watoto je, Baba Watoto?"

"Hicho ni bure. Tutakula kwa binamu yangu, yuko Osaka."

Mke akavua miwani taratibu. "Kwani Osaka na Hokkaido ni kama hapa na Rooty Hill, vituo vichache tu vya treni?"

"Si ni Japani moja?"

"Ni safari ya ndege! Na huyo binamu anajua tunakuja?"

Mume akageukia dirisha. "Nilitaka kumfanyia sapraizi."

Wasomaji wangu, binamu ni baraka. Ila mkipanga safari, naomba mkumbuke jambo moja: watoto huona njaa pale walipo, si pale alipo binamu.