Chanjo ya Omena

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi ile daktari wa mifugo aliposhuka ufuoni na viatu vya gumbuti vipya na kisanduku cha barafu, akasimama mbele ya mama yangu, akauliza, "Samaki wa kuchanjwa ni hawa?"

Mama yangu alikuwa ameinama, anatandaza omena kwenye mchanga. Hakuinuka. Alinitafuta kwa macho kupitia chini ya kwapa lake.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "huyu ni nani, na anataka nini na omena yangu?"

"Nimetumwa na ofisi, Mama," daktari akajibu. Alikuwa kijana mpole, hata kofia alivua. "Bunge la kaunti limepitisha. Mheshimiwa hapa ndiye alileta hoja."

Mheshimiwa ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, leso imelegea, mtoto ananyonya ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Wanawake wote wa ufuoni wakageuka kuniangalia kama mtu aliyeuza ziwa.

Daktari akafungua kisanduku. "Hii ni chanjo ya kuku," akasema kwa aibu kidogo. "Ndiyo ndogo kabisa tuko nayo. Ni ya matone. Tunaweka moja kwa jicho."

"Jicho la nani?" mama akauliza.

"La samaki."

Mama alisimama sasa. "Hao wamekufa usiku, baba. Umechelewa. Ungekuja na padri."

Kicheko kilichotoka hapo kilifukuza korongo. Mwanamke mmoja akachota omena kiganjani, akamsogezea daktari: "Anza na huyu, ndiye analia sana." Daktari akamshika omena kwa vidole viwili, akamgeuza juu, akamgeuza chini, akitafuta jicho. Kisha akatazama mchanga wote uliofunikwa na omena kutoka majini mpaka kwenye vibanda. Akanigeukia mimi.

"Mheshimiwa, utanipatia watu wa kunishikia?"

Hapo ndipo kitu kilikatika ndani yangu. Nilipiga kelele mpaka bata wakaingia ziwani wenyewe, mtoto akaamka akaanza kupiga kelele na yeye, akidhani ni mchezo. Sitaandika nilichosema. Nilisema kwa Dholuo, lugha yetu, na kwa bahati nzuri daktari alikuwa wa kutoka Kakamega, haielewi.

Sasa wacha nieleze hii kitu ilivyofika hapo, maana huko Milimani kwa matajiri kuna watu wanacheka hadi leo wakisema Mheshimiwa wa Nyalenda, wadi yangu, anataka kutibu samaki waliokufa. Mimi si mjinga. Nimemaliza kidato cha nne, na kila kitabu nilichosoma kilinunuliwa na omena wa mama yangu.

Omena ni samaki mdogo kama kidole cha mtoto. Akitoka majini lazima akaushwe na jua siku hiyo hiyo. Wanawake wetu wanamwanika chini, kwenye mchanga. Mbuzi wanapita juu. Bata wanapita juu. Mvua ikinyesha ndiyo mambo yanaisha kabisa: omena anarudi kuwa uji, ananuka, na mnunuzi anakuambia huyo ni wa chakula cha kuku. Dawa yake ni rahisi. Miti minne, neti ya zamani juu, samaki anakaa hewani, mvua ikija unafunika na karatasi ya nailoni. Hiyo tu ndiyo niliahidi wakati wa kampeni. Wengine waliahidi viwanja vya ndege. Mimi niliahidi omena atainuliwa kutoka chini kabla ya mvua ndefu, na mama yangu akanipigia kura akiwa mbele kwenye foleni, akiwaambia walio nyuma, "Huyu asipofanya, nitamchapa mimi mwenyewe."

Basi nikashinda, na maisha yakageuka sarakasi. Kabla jua halijatoka, kuna watu mlangoni. Wote wanasema wamekuja kunisalimia tu. Mmoja amekuja kunisalimia na jogoo aliyeshtakiwa na jirani kwa kuwika mapema. Mwingine anataka nimpigie simu mama mkwe wake, nimwambie kwa sauti ya serikali kwamba mkwewe ni mtu mzuri. Kuna bibi harusi aliyeniomba nizuie mvua Jumamosi.

"Mama, siwezi kuzuia mvua," nikamwambia.

"Yule wa zamani pia alisema hivyo," akajibu, akaondoka amenuna.

Baba mtoto alikuwa akisikia hodi anajifungia chooni. Choo cha ploti yetu ni cha watu wote, kwa hiyo hata huko walimfuata. "Bwana Mheshimiwa," wanamwambia kupitia mlango wa mabati, "usiharakishe, tutangoja."

Mimi huku nanyonyesha na mkono mmoja, napiga pasi blauzi na mwingine, halafu nakimbilia Bungeni, ambako kiti changu kinazunguka. Wiki ya kwanza kilinizungusha nikampa Spika mgongo wakati wa sala.

Na Bunge letu lina sheria yake. Ukianza kuongea kwa Kiswahili, unamaliza kwa Kiswahili. Ukianza na Kiingereza, unamaliza na hicho. Kuchanganya ni makosa. Sasa niambie, nani Kisumu haongei akichanganya? Hata ukimwita mtoto aje kula unatumia lugha tatu. Lakini nilichagua Kiswahili, kwa sababu mama yangu angesikiliza matangazo ya Bunge kwenye simu pale ufuoni, na Kiingereza kwake ni kelele.

Nyuma yangu huketi Mheshimiwa mmoja mnene mwenye kijiti cha meno. Kazi yake Bungeni ni moja, kusimama na kusema hoja ya nidhamu. Ana sauti nyembamba, ya kukwaruza, sawasawa na mtoto mchanga anayeamka na njaa. Ninaapa, mtu huyo akisema tu "Bwana Spika," maziwa yangu yanashuka. Nimeharibu blauzi nzuri kwa sababu yake. Nikawa nikimwona anajitayarisha kusimama, nakunja mikono kifuani, na magazeti yakaandika kwamba mimi ni kiongozi mwenye msimamo mkali.

Siku ya hotuba yangu ya kwanza nilisimama nikasema, "Bwana Spika, akina mama wa ufuoni wanateseka na omena."

"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!"

Maziwa hayo.

"Omena si Kiswahili," akalia yule. "Ni Dholuo. Kwa Kiswahili ni dagaa. Mheshimiwa anavunja Kanuni."

Na mtu huyo alikuwa ametoka kula omena! Nilimwona mchana kwenye mkahawa wa Bunge, ugali na omena, na akaongezewa supu. Kichwa cha omena kilikuwa bado kwenye ncha ya kijiti chake, kinanitazama.

"Mheshimiwa," Spika akaniambia, "futa neno hilo."

"Bwana Spika, hapa hakuna mtu—"

"Futa, Mheshimiwa."

Nikafuta. Nikasema dagaa. Jioni nilipoenda kumchukua mtoto, mama alikuwa amenikunjia uso.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Wamekuambia ufute omena yangu, ukafuta. Kesho watakuambia ufute mama yako."

"Ni sheria ya Bunge, Mama."

"Na dagaa ni nani? Mimi nimemwanika lini?"

Nikamfunga mtoto mgongoni. Hoja yenyewe ya miti na neti ilikuwa bado, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima ya Nandi. Nikaamua, sawa, kama ni Kiswahili wanataka, nitawapa Kiswahili mpaka wazirai. Shida ni kwamba ile meza ya miti ya kuanikia samaki, sisi ufuoni tunaiita raki, na raki ni Kiingereza kilichovaa shuka. Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, aliyeolewa Mwanza, huko ng'ambo ya ziwa hili hili.

"Inaitwa chanja, shosti," akasema. "Chanja za dagaa. Huku kila mtu anazo. Kwani nyie mnaanika wapi?"

"Chini."

"Chini chini? Kwenye mchanga? Poleni, jamani."

Nikaandika hoja yangu: kwamba serikali ya kaunti ilete chanja za dagaa katika fuo zote kabla ya mvua. Nikaipeleka ofisini, nikajiona profesa. Lakini yule aliyeipiga chapa alinihurumia. Aliona chanja, akafikiri mtoto wa Nyalenda amekosea, akanirekebishia. Akaweka o.

Mimi sikuona. Siku hiyo mtoto alikuwa anaota meno, niliingia Bungeni nikiona kila kitu mara mbili. Nikasimama, nikasema kwa kichwa, bila kusoma: chanja za dagaa. Wenzangu walikuwa wanasoma karatasi: chanjo za dagaa. Wakadhani ni lafudhi yangu.

Mheshimiwa wa upande wa wafugaji akaruka juu. "Bwana Spika, kwetu ng'ombe wanakufa, na hawa wanachanja samaki!"

"Na samaki ni kiumbe," mwingine akamjibu. "Tusiwabague."

"Watachanjwa mmoja mmoja ama kwa familia?"

Mimi nikapiga kelele, "Si chanjo! Ni chanja!"

"Tofauti ni gani, Mheshimiwa?" Spika akauliza.

"Chanja ni raki, Bwana Spika."

"Hoja ya nidhamu!" Yule wa nyuma. Nikakunja mikono. "Raki si Kiswahili!"

"Kiswahili, Mheshimiwa," Spika akanionya.

Nikatafuta neno kichwani kama mtu anayetafuta kijiko gizani. "Ni meza, Bwana Spika! Meza! Meza tu!"

Spika akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Kwa hiyo si ya sindano. Ni ya kumeza."

"Hapana! Ni kama... ni kama kitanda. Unamlaza samaki juu, anapumzika, anapata hewa."

Bunge zima likasema "Aaa!" Nikasikia Mheshimiwa mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Wanalazwa kabisa. Hali ni mbaya huko ufuoni." Yule wa nyuma, ambaye hajawahi kuniunga mkono hata kwa salamu, alisimama akapendekeza marekebisho kwamba chanjo iwe ya matone, kwa sababu dagaa ana mdomo mdogo. Wanaokubali waseme ndiyo. Ndiyo hiyo ilitikisa vioo. Hakuna aliyepinga ila mimi, na mimi ndiye mwenye hoja, kwa hiyo sikuhesabiwa. Walinipa mikono. Mmoja macho yalikuwa yamelowa.

Barabara yetu imeombwa tangu mama yangu akiwa msichana, haijafika. Choo cha ufuoni kimezinduliwa na utepe ukakatwa, hakijafika. Lakini chanjo ya omena ilifika wiki hiyo hiyo, ikiwa na barafu.

Na jioni ya siku ile aliyokuja daktari, mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa. Ilitosha. Tulikimbia na mabeseni kuokota omena, mimi na mama na wenzake, mtoto anarukaruka mgongoni, na daktari pia, masikini, na gumbuti zake. Nusu hatukuwahi. Mama alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akashika omena waliolowa mkononi. Safari hii hakunitania.

"Nyara," akasema tu, "wewe uliomba nini huko?"

Kesho yake tulikata miti sisi wenyewe, tukafunga chanja moja ndogo kwa neti iliyochakaa. Nikaibeba kichwani kutoka ufuoni mpaka Bungeni, na omena juu yake, nusu wabichi. Askari wa langoni alifungua haraka sana. Nikaiweka juu ya dawati la Karani wa Bunge, na chini ya mguu mmoja wa chanja nikaweka barua hii, ambayo ilipigwa muhuri ikapokelewa:

KWA KARANI WA BUNGE

KUH: OMENA KUPEWA CHANJO BADALA YA CHANJA

Bwana Karani,

Nalalamika rasmi. Niliomba chanja, kwa a. Ofisi yako ikaandika chanjo, kwa o, na Bunge likapitisha kwa furaha. Chanja ni hicho kitu kilicho mbele yako sasa. Tafadhali usikiondoe kabla hujamaliza kusoma. Kina miguu minne na neti. Walio juu yake si wagonjwa. Harufu unayosikia ni ya samaki aliyenyeshewa kwa sababu ya herufi moja.

Naomba taarifa ya Bunge irekebishwe, hoja irudishwe wiki hii, na chanja zijengwe kabla mvua haijakaza, kwa maana mvua haitangoja tupate neno. Dawa ya kuku naomba ipewe kuku. Daktari asilaumiwe. Alifanya kazi aliyotumwa, na alituokotea mabeseni mawili.

Mheshimiwa anayeketi nyuma yangu anakaribishwa ufuoni aagize dagaa. Atarudi na njaa.

Mwisho. Niliagizwa Bungeni nifute neno, nikalifuta. Mwenye samaki hajakubali, na mimi nimelirudisha. Barua hii nimeianza kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kiswahili, kama Kanuni inavyotaka, isipokuwa neno moja lililo pale juu. Neno hilo ni omena.

Silifuti.