Aliyeshinda Hapigi Kura

Kila Jumamosi tulikusanyika katika saiba moja mjini Bungoma, chumba cha kompyuta za kukodi nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, kupiganisha mazimwi. Ulikuwa mchezo wa kompyuta: kila mchezaji anachagua kikosi cha mazimwi, anayatuma uwanjani moja moja, na yule ambaye mazimwi yake yote yamezimia ndiye aliyeshindwa. Wengine walitoka Kibabii na Matulo, mmoja alishuka kwa pikipiki kutoka Kapsokwony, nami nilitoka Kitale. Wazazi wangu walihamia huko kutoka mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, wakanunua shamba, wakafungua duka. Mwaka 2007 ulipoanza, pale saiba niliitwa "wa Kitale" na basi, hakuna aliyeuliza kabila langu, na nililipenda jina hilo.

Mwenye saiba aliwahi kufundisha shule ya msingi, kwa hivyo tulimwita mwalimu. Yeye ndiye aliyetuwekea utaratibu wa marufuku. Mbinu ikiwa kali kupita kiasi, aliyeshindwa nayo anasimama, anaitaja, na watu wananyoosha mikono. Wakizidi wanaoikataa, haitumiki tena. Aliyeshinda hapigi kura, maana nani atakubali kunyang'anywa panga lake mwenyewe? Hata mimi, mtu wa kubisha kila kitu, niliona ni haki.

Marufuku ya kwanza ilistahili. Jamaa wa Kapsokwony alikuwa na zimwi lililolaza kikosi kizima cha mwenzake, kisha likakitwanga kikiwa usingizini. Ukipangwa naye unakaa tu, mikono mapajani, ukitazama. Tulipopiga kura alitabasamu. "Sawa bana, nitatafuta ingine," akasema, na Jumamosi iliyofuata akaja nayo.

Mimi nilicheza polepole. Nilikuwa na zimwi lenye gamba ambalo linatia sumu, halafu linajificha, linajificha, hadi la mwenzako linazimia lenyewe. Ni mchezo wa kuudhi, sikatai, na kuudhi watu ni kipaji changu. Aliyeudhika zaidi ni kijana mmoja wa hapo mjini, aliyekuwa bingwa wetu kabla sijafika.

"Hii si kucheza," alisema akiwa amesimama. "Ni kukaa tu kungoja mtu akufe."

Mikono ikapanda. Nikaweka sumu kando, nikajifunza kutega miiba uwanjani ili zimwi linaloingia lijichome. Nikashinda, miiba ikapigwa marufuku. Nikajifunza kubadilisha mazimwi kabla hayajaguswa, nikashinda, mbinu hiyo nayo ikakatazwa. Nilijisifu sana nyumbani, hata siku moja nikawaleta wenzangu wote Kitale, wakala kwetu. Baadaye Mama alinitazama akichambua maharagwe, akasema mwaka huu ni wa uchaguzi, niachane na safari za Bungoma. Nilimjibu vibaya. Kitale nilikuwa mtoto wa duka. Bungoma nilikuwa mchezaji, na sikutaka kupoteza kiti changu pale kwa ajili ya siasa za watu wazima.

Mvua za Agosti zilipokolea, bingwa alianza kutega miiba tena, waziwazi, na hakuna aliyesimama. Nililalamika. Kijana wa Matulo akacheka.

"Wewe ukitumia ni tofauti. Nyinyi mnajua sana kungoja."

"Sisi akina nani?" nikamuuliza.

Alirudi kwenye kompyuta yake kama mtu ambaye hajasikia. Mechi yangu ilikuwa inaanza, nikakaa.

Wakati huo jamaa wa Kapsokwony alikuwa ameacha kuja. Huko kwao, Mlima Elgon, nyumba zilikuwa zinachomwa katika vita vya ardhi, na watu walikuwa wanateremka na magodoro kichwani. Pale saiba hakuna aliyemtaja. Kiti chake alipewa mtu mwingine. Nilipomuuliza mwalimu, alisema, "Atakuja tu," kisha akaenda kuwasha jenereta ingawa stima ilikuwepo.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa Desemba. Nje, gari la kampeni lilipita na vipaza sauti, likarudi, likapita tena. Nilikuwa nimepanga kikosi ambacho mtu yeyote hangeweza kukilaumu: mazimwi ya kawaida kabisa, ya kupiga na kupigwa, bila sumu, bila miiba, bila kukimbia. Nilimfunga bingwa. Niliona fahari, na nikageuka kuwaona wenzangu.

Bingwa alisimama. "Nataka tupige marufuku."

"Mbinu gani?" mwalimu aliuliza.

"Si mbinu. Huyu."

Nilicheka. Nikangoja wengine wacheke. Mkono wa kijana wa Matulo ukapanda, ukafuatwa na mwingine, kisha safu nzima ya dirishani. Hakuna aliyekasirika, walikuwa watulivu kama watu wanaojibu jina darasani. Nilinyoosha mkono wangu kupinga, na jirani yangu akaushika, akaushusha kwa upole.

"Si wewe umeshinda?" akasema.

Nilimtazama mwalimu. Nilikuwa na uhakika na mwalimu. Aliangalia sakafu, akaangalia mlango, kisha akanyoosha mkono wake pia.

Nilitoka kwa hasira. Mwalimu alinifuata hadi kwenye mashine ya kusaga, ambako kelele ilimlazimu kunisogelea sana. Nikamwambia yeye ni mwoga, na mengine ambayo sitayaandika.

"Umesema ukamaliza?" aliuliza. "Sasa enda ambia mzee wako, mkishapiga kura, msilale kwa hiyo nyumba. Enda hata leo."

"Nani amekuambia?"

Mlango wa saiba ulikuwa wazi. Walikuwa wameshaanza mechi nyingine, na mtu alikuwa anashangilia.

"Si umeona mikono?" akasema.

Nilikuwa nimeiona. Na kila mmoja wao alipajua kwetu. Mama alikuwa amewapikia wote.