Katuni Iliyompa Mkono Mama Mkwe

Programu yenyewe ilikuja bure, na mimi nimelelewa kutoamini kitu cha bure. Kwetu Karurumo, Embu, mtu akikupa mkungu wa ndizi bila kutaja bei, unauliza kwanza mgomba umeugua nini.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa kompyuta Majengo, Meru mjini, katika chumba cha kupanga kilichokuwa juu ya bucha. Wanafunzi wangu walikuja kujifunza kupiga chapa, wakaondoka na cheti pamoja na harufu ya matumbo ya ng'ombe kwenye sweta. Siku moja, kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na soko, nilipata gazeti la kompyuta la ng'ambo, na juu yake sidi iliyobandikwa kwa gundi. Sidi ilijisifu kwamba mtu yeyote, hata asiyejua kuchora, angeweza kutengeneza katuni za pande tatu, yaani katuni unazoweza kuzizunguka ukaona hata visogo vyao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikajiambia. Lakini niliiingiza kwenye mashine, kwa sababu shida niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko mashaka yangu.

Shida ni kwamba nilitaka kuoa. Msichana alikuwa wa Timau, kule juu kwenye baridi, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali. Baba yake alikubali siku ya kwanza tu, maana alikuwa mtu wa kukubali. Aliyebaki ni mama, na kila mtu Timau alijua kwamba katika boma lile "ndiyo" ya mzee ilikuwa salamu tu, na "ndiyo" ya mama ndiyo iliyokuwa jibu. Alikuwa ametuma neno kupitia binti yake: kazi ya mkulima anaiona, ya fundi anaiona, hata ya mhubiri anaisikia, lakini hii ya mtu wa Embu anayejifungia chumbani kutazama televisheni isiyo na habari, haijui.

Na sikuweza kwenda kumweleza. Kwao, na kwetu pia, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa msichana anayemposa. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, na wakielekea kukutana njiani, mmoja anageukia kichakani. Wengi walikuwa wameanza kuyaacha mambo hayo, hasa watu wa kanisa. Yeye alikuwa mtu wa kanisa hasa, wa benchi la mbele, na hakuwa ameacha lolote.

Basi nikaamua kumtengenezea katuni. Herufi kwenye kioo cha kompyuta zisingemwambia kitu, lakini boma lake mwenyewe, likizunguka mbele ya macho yake, lingemwambia.

Wenye programu walisema kweli kwamba ni rahisi, ila walikuwa wamemrahisishia mtu wa kwao. Kulikuwa na sinia la vitu vilivyokwisha tengenezwa, na kazi yako ilikuwa kuvikokota kwa kipanya na kuvipanga. Lakini nyumba ya mle ndani ilikuwa na theluji juu ya paa. Kondoo alikuwepo, ng'ombe hakuwepo, nikamvuta kondoo urefu na kumnyoa. Ghala la viazi nililijenga kwa pipa na umbo kubwa la pia, ile wanayochezea watoto, lililogeuzwa juu chini. Watu walikuwa wawili tu: mwanamume mwenye kofia pana, na mwanamke mwenye nywele za dhahabu na sketi fupi ambayo benchi la mbele lisingeivumilia. Niliivuta sketi hadi ikafika kwenye vifundo vya miguu, nikamfunika kichwa kwa nusu ya mpira kiwe kitambaa, akawa mama. Nikamnakili, nikamvua kitambaa na kumpaka nywele nyeusi, akawa mchumba wangu. Mwanamume nilimvua kofia na kumvika pete mbili usoni ziwe miwani, akawa mimi. Nakiri alikuwa na kifua kuliko mimi.

"Mbona mimi ni mama tu aliyepunguzwa?" mchumba wangu aliniuliza siku alipokuja kukagua.

Nikamwambia ndivyo ilivyo hata Timau, akaacha kuongea nami mpaka chai ikaisha.

Uzuri wa programu ulikuwa huu: unamweka mwanasesere hapa, unamweka tena pale, na hatua zote za katikati inazijaza yenyewe. Chini ya kioo kulikuwa na utepe. Ukiuvuta kwenda kulia, mwanasesere anakwenda polepole; ukiurudisha, anakimbia kama mtu aliyesikia harufu ya ugali. Kisha unaiacha mashine ichore, mstari kwa mstari kutoka juu, na wewe unakwenda kunywa chai. Sijawahi kunywa chai nyingi kama miezi ile.

Siku ilipofika mama alikuja mjini kung'olewa jino, akasema kwa kuwa ameshakuja kuumia, basi apite aone na hiyo kazi. Kazi, si mtu. Nikawasha mashine, nikafungua katuni, nikatoka kabla mama na binti hawajapanda, na nilipowasikia wameingia nikaja kusimama ngazini, nyuma ya mlango uliorudishwa ukabaki wazi kiasi cha kiganja. Mchumba wangu angekuwa mikono yangu. Pia, kwa kuwa mimi na mama hatukuruhusiwa kusemezana, angekuwa midomo yetu sote wawili, ijapokuwa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie kitu yake imesimama," mama alisema.

"Mum anasema imesimama."

"Mwambie abonyeze kipembe cha kijani, kile cha kuanzisha," nilisema nyuma ya mlango.

"Mum, ni hii ya kijani."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Mwenye bucha alitoa kichwa mlangoni mwake, chini ya ngazi, kisu mkononi. Alikuwa mzee wa Majengo, mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

"Mwalimu, leo unaufundisha mlango?"

"Naposa, mzee."

"Basi posa kwa sauti ya chini, wateja wangu wanakusikia."

Nilisikia mama akicheka kidogo alipomwona ng'ombe. Nilisikia akisema ghala ni ghala kweli. Moyo wangu ukatulia, na ulipotulia ndipo akili ikarudi, na iliporudi nikakumbuka mwisho wa katuni niliouongeza wiki ile ile ili kumshangaza mchumba wangu. Mwanasesere mwenye miwani anavuka uwanja, anaingia nyumbani, anakwenda moja kwa moja kwa mwanasesere mwenye kitambaa, na anampa mkono.

Nilikuwa nimefikiria magoti, viwiko na kivuli cha paa. Mwanamke ambaye nilikuwa nikimkimbia kichakani kila nilipofika Timau, nilimfuata mpaka jikoni kwake na kumshika mkono, na kwa kuwa nilijivunia vidole vile nilivyovihangaikia, niliufanya mkono ukae.

Kiti kilisukumwa. Mlio wa msumeno wa mifupa ukapanda kutoka buchani. Niliogopa sana. Nilimpenda yule msichana, na niliona nimempoteza kwa sababu ya pete mbili za miwani.

"Muulize," mama alisema hatimaye, na sauti ilitoka upande wa dirisha, kwa hiyo nilijua ameupa kioo mgongo, "hii mtu inaweza kutolewa ndani?"

"Mum anauliza kama—"

"Anaweza," nilimkatiza. "Amshike kwa kipanya amtoe nje. Au funga tu mashine. Mwambie samahani, mwambie sikufikiri."

"Asifunge," mama alisema. "Mwambie nitamtoa mwenyewe."

Sikuona, lakini mchumba wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake alirudi kwenye kiti, akakishika kipanya kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayelalia. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wakikiinua hewani siku ya kwanza. Yeye hakukiinua.

"Ukimgusa akageuka manjano, basi umemshika," nilisema mlangoni.

"Akigeuka manjano umemshika, Mum."

"Amegeuka." Kipanya kikakwaruza meza. "Ametoka. Mwambie ametoka." Kikakwaruza tena. "Hii nchi haina viti? Mgeni hakai chini."

Nikaeleza kwamba sinia halikuwa na kiti, ila kuna pipa, na pipa likifupishwa ni kigoda. Maneno yakapita kwa binti, yakafika, pipa likafupishwa. Akataka lingine, dogo, na mpira wa kuweka juu yake. Akauliza mtu anageuzwaje. Nikajibu. Akauliza mtu akitaka mwanasesere atoke mahali fulani na afike pengine, hatua anazihesabu nani. Nikasema programu yenyewe. Tulikuwa tumezoeana sasa, mimi na mama mkwe wangu, tukisomeshana kupitia mtoto wake, na mwenye bucha alikuwa amepanda ngazi tatu ili asipitwe.

"Muulize ya kufanya mtu aende polepole ni gani."

"Huo utepe wa chini. Avute kwenda kulia."

"Uvute kwenda kulia, Mum."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa kioo," nilisema. "Hapo ndipo mwisho. Hawezi kwenda polepole kuliko hapo, programu haina nafasi."

Mchumba wangu hakulirudia neno hilo. Nilingoja alirudie, hakulirudia. Nikadhani mama anamfundisha adabu mwanasesere wangu, anamfanya arudi Embu kwa mwendo wa kinyonga, na sikuona sababu ya kubishana. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Viti vilirudishwa mahali pake, kwa hiyo nilijua wanatoka. Nilishuka mbio nikaingia buchani, nikageukia ukutani, pua yangu ikiwa karibu na ubavu wa ng'ombe, nikasimama hivyo kwa heshima zote. Viatu vilishuka. Vikasimama mlangoni pa bucha.

"Mzee," mama alimwambia mwenye bucha, kwa ulimi uliokuwa bado mzito kwa sindano ya meno, "mwambie huyo mtu anaangalia nyama, ghala yake haina mlango. Viazi zitaingia wapi?"

Mwenye bucha alinigeukia kwa uso wa hakimu. "Mwalimu, unaambiwa ghala lako halina mlango."

"Mwambie nitaliwekea," niliuambia ubavu.

"Anasema ataliwekea."

"Haya," mama alisema, na viatu vikaenda zake.

Nilipanda. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Nyumbani mle, mwanasesere mwenye kitambaa alikuwa amesimama akiutazama ukuta, mgongo wake kwa mlango, kama nilivyokuwa nimesimama mimi dakika chache zilizopita. Nje, kivulini mwa ghala, alikaa mwenye miwani juu ya kigoda, naye akiipa nyumba mgongo, akitazama uwanja mtupu. Mbele yake palikuwa na pipa dogo lenye mpira juu. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni kibuyu. Alikuwa amenipa uji wa kumpokea mgeni.

Kando ya kigoda aliacha nafasi, na sikuielewa mpaka nilipobonyeza kipembe cha kijani.

Mwenye miwani hakusogea. Aliyesogea ni yule mwingine, mama aliyepunguzwa, ambaye nilimwacha kando ya mama yake. Aliinua mguu mmoja, mguu ukakaa hewani, ukashuka. Akainua mwingine. Nilitazama chini ya kioo: utepe ulikuwa umevutwa wote, mpaka pale nilipoulizwa, nikasema mwenyewe kwamba ndipo mwisho. Mwenye kitambaa hakugeuka kumtazama. Msichana alikuwa bado hajafika hata mlangoni.

Nilisikia ngazi zikilia. Mwenye bucha aliingia akifuta mikono kwenye aproni, akaniuliza nimejibiwaje. Nilivuta kiti cha pili, ambacho kilikuwa bado na joto, akaketi, na tukamngoja pamoja yule msichana atoke.