Mpunga wa Mgeni Kule Delta

Niliondoka Kibiti kwa sababu mbili. Ya kwanza, shule ilinishinda darasa la tano, na duka la Mhindi nilikokuwa nikipima chumvi likanishinda baadaye kidogo. Ya pili, wakati huo wa Mwingereza alikuja mzungu wa kilimo akitafuta mtu anayejua kuandika tarakimu na asiye na shughuli. Kwa sifa hiyo ya mwisho, hakuna aliyenifikia. Mama akaniuliza kazi yenyewe ni ipi. Nikamwambia ni kuutazama mpunga ukiota. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kwanza tulipanda lori la Mohoro. Mzungu alikaa mbele, kapakata mizani yake kama mtoto mchanga. Mimi nyuma, juu ya magunia. Watu walishampa jina: Bwana Mizani.

Mtoni tukashuka, tukaingia mtumbwini, tukateremka na maji siku mbili mpaka mikoko ikatuzunguka. Humo ndimo alimonieleza sayansi. Ana mbegu mpya ya mpunga. Ofisini wanasema inaishinda ya wenyeji. Yeye hasemi kitu mpaka aone. Atapanda vipande viwili vya shamba, majaruba mawili yanayolingana, siku moja, udongo mmoja: hili mbegu mpya, lile mbegu ya hapo. Yatunzwe sawasawa, kisha apime. Mpya ikishinda, msimu ujao watu wote wataamriwa kuipanda. Kazi yangu ni kuandika kila jioni yaliyofanyika katika kila jaruba. Nikasema nimeelewa. Nilichoelewa ni jioni.

Katika kisiwa kimoja cha delta tulipokewa na Bi Somoe, mjane mwenye mbegu nyekundu aliyoachiwa na bibi yake. Ndiye aliyetoa mbegu ya wenyeji, na ardhi pia. Alinionyesha mkondo.

"Bamvua ikija, bahari ikijaa kupita kiasi, maji ya chumvi yanapanda mpaka hapa. Hii nyekundu inavumilia, mwanangu. Ndiyo iliyotulea."

Bwana Mizani akapanda, akaniachia daftari, akaenda zake vijiji vingine mpaka mavuno.

Miezi iliyofuata nilifanya kazi kwa bidii, nikiwa nimekaa. Nilijenga dungu, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege, kando ya jaruba la mbegu mpya, maana upande huo ndiko kulikokuwa na kivuli. Ndege nikawafukuza, wakahamia jaruba la pili, nami nikaona wamesikia. Bi Somoe na shoga zake walikuja kupalilia, wakaniletea uji. Bamvua ilipopanda nikawaona wanabeba mitungi ya maji baridi kutoka juu ya mto, wakiosha chumvi jarubani. Wema wao ulinigusa. Jioni nikaandika: sawasawa. Kila jioni, sawasawa. Ni neno nililoweza kuliandika bila kufuta.

Siku ya mavuno Bwana Mizani alirudi, akapima. Mbegu mpya iliishinda nyekundu mbali sana. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzungu akasema kesho atawaandikia wakubwa zake. Bi Somoe akaniuliza anaandika nini, nikamweleza habari ya amri. Vigelegele vikakatika.

"Sasa mbona hukutuambia?" akasema. "Sisi tulimwona mtu kaacha kwao, kaja kulima kwetu. Mpunga wa mgeni ufe hapa, nyuso zetu tutaziweka wapi? Tumepalilia jaruba lake, maji tumemwagia lake. La kwetu tukaliacha lijijue."

Nilifungua daftari: sawasawa, sawasawa. Kusema ni kujifukuza kazi. Kunyamaza ni kumnyang'anya mama wa watu mbegu ya bibi yake. Nikaenda kwanza kula wali aliokuwa amenipikia, nipate nguvu ya kunyamaza. Tonge la pili nikalirudisha sahanini. Nikainuka, nikamwendea Bwana Mizani, nikamwambia majaruba hayakutunzwa sawasawa.

Bwana Mizani aliuliza kwa utaratibu. Jaruba lipi lilipaliliwa? Maji yalimwagwa wapi, mara ngapi? Na ndege, nani aliwapeleka upande mmoja?

"Ndege ni mimi, Bwana."

Akaandika yote, na mimi ndani yake. Kisha akapiga mstari ukurasa mzima, nikajua ndiyo ajira yangu ile inakwenda. Nilipomtazama, anatabasamu.

"Vizuri sana," akasema. "Hatujui kitu. Tutapanda tena."

Barua haikuandikwa. Akamwita Bi Somoe, akamwomba msimu ujao asilipendelee jaruba lolote.

"Hata mpunga wako ukifa, tunatazama tu?"

"Hata ukifa."

"Huyu aibu anaitafuta mwenyewe," akaninong'oneza. Lakini alikubali, akaondoka na mbegu yake nyekundu upindoni mwa kanga.

Kurudi Kibiti nilirudi na kazi yangu. Niliagizwa nije mvua zikianza, na dungu nilijenge katikati. Mama akaniuliza mbegu ipi bora. Nikasema hatujui.

"Miezi yote hiyo?"

Nikamwambia zamani nilikuwa sijui bure; sasa sijui kwa ushahidi. Akacheka, akakaa chini tena. Kisha akanipakulia wali na mchuzi, akauliza kama chumvi iko sawa. Mdomo ulishafunguka kujibu. Nikaufunga, nikaonja kwanza.