Bi Shariffa na Mazdur

Bi Shariffa alistaafu ualimu miaka minane iliyopita. Kusahihisha watu hajastaafu. Hapo mtaani Ansab, Maskati, hakuna aliyemponyoka.

Asubuhi moja mwanawe Mutasim alimleta mtu kutoka Ruwi aje kuvunja banda la kuku, akamwacha mlangoni na kuwahi kazini. Alikuwa Sarfaraz, Mpakistani mwenye ndevu za hina na nyundo begani.

"Khabari zako?" Bi Shariffa akauliza kwa mazoea.

Sarfaraz akajigusa kifuani. "Mazdur."

Bibi akafurahi. Kumbe anajua Kiswahili! Ila kibovu. "Mambo ndiyo mazuri, mwanangu. Khabari ni nzuri. Haya, sema nzuri."

"Mazdur," Sarfaraz akakazania, akionyesha nyundo.

"Nzuri!"

"Mazdur!"

Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwisho bibi akasalimu amri, akamweleza kazi kwa Kiswahili kilichonyooka: "Banda hilo livunje. Ukuta wa nyuma usiuguse, ni wetu na jirani." Sarfaraz hakuambulia neno; akafuata kidole, na kidole kilikuwa kimeishia ukutani.

Bi Shariffa alipotoka jikoni, banda limesimama, ukuta umelala. Upande wa pili jirani yake Jaifar, Mbulushi, ameketi na fulana na uzari kiunoni, kikombe mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Bi Shariffa," akasema taratibu, "ungepiga hodi tu."

Jaifar akazungumza na Sarfaraz kwa Kiurdu, kisha akacheka hadi chai ikamwagika. "Anasema tangu asubuhi anakwambia yeye kibarua, nawe wamkatalia! Neno la Kiajemi hilo, Kiurdu kimelirithi. Mozd ni ujira. Mazdur, mwenye ujira."

Bi Shariffa akaona haya. "Basi na mimi nlikuwa mazdur miaka thalathini, wala sijijui."

"Sote. Lakini usende nalo Irani. Kule siku hizi ukimwita mtu mozdur umemtukana: kibaraka aliyenunuliwa."

"Huku kazi ya halali, kule tusi? Subhanallah!" Akakimbilia kalamu aliandike neno.

Ukuta ulichukua siku tatu kujengwa upya. Siku hizo Mazoon, mkewe Jaifar, alikuwa akikatiza kwenye uwazi na sahani za halua, na Bi Shariffa akizirudisha na vitumbua. Siku ya tatu Sarfaraz akasita, tofali mkononi, akawatazama wanawake wawili wanaopiga soga juu ya kifusi.

"Darwaza?" akauliza.

Neno hilo Maskati nzima inalijua. Wakaitikia pamoja, naye akawaachia nafasi ya mlango.