Fundi Aliyesoma Nilichofuta

Usipoamini, shauri yako. Haya yalinipata mimi hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mchana kweupe, na pombe sinywi.

Nauza mitumba pande zote mbili za mpaka, na wateja hawachoki kuuliza, "Uko wapi?" Nikasikia kuna programu inayoifanya simu ijibu ujumbe yenyewe. Nikaingia kibanda kimoja karibu na foleni ya malori. Fundi alikuwa mwembamba, mikono kaificha kwapani.

"Weka hapo, mama."

Nikaiweka mezani. Niamini, hakuigusa. Ilijifungua bila namba yangu ya siri, vitufe vikabonyezwa na nani sijui. Isome skrini: ruhusu. Ijue ulipo: ruhusu. Nami nimesimama tu kama mjinga.

"Ikishika netiweki ya Uganda, kila mtu akiuliza uko wapi, itamtumia ramani," akasema.

"Kila mtu?"

"Si ni hivyo ulitaka? Na jana uliandikia shemeji yako ati yeye ni mnyama, halafu ukafuta. Mbona ulifuta?"

Maneno yale sikuyatuma. Nani aliyaona? Nilinyakua simu nikatoka mbio.

Sasa sikia. Dada yangu alikuwa amemtoroka huyo shemeji, maana alikuwa akimpiga. Nilimficha chumba cha kupanga hapa hapa Malaba, karibu na mto wa mpakani, na siri ilikuwa yangu peke yangu. Kila siku shemeji aliniandikia, "Uko wapi?" Sikumjibu hata mara moja.

Jioni ile nilimpelekea dada chakula. Programu sikuizima, nilijiambia itafanya kazi nikivuka tu. Mtu wa mpakani mzima, nikasahau kwamba kando ya mto netiweki ya Uganda inakushika umekaa Kenya. Shemeji aliuliza. Simu ikamjibu. Hatukumaliza kula, mlango ukapigwa teke.

Majirani walimtoa dada mikononi mwake, taya limevunjika.

Kesho yake nilirudi kibandani kumtafuta yule fundi mshenzi. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu. "Hiyo haijafunguliwa tangu mwenyewe azikwe," muuza chai jirani akaniambia.

Nimebadilisha simu, nimebadilisha laini. Dada amehama. Nilipomuuliza anaishi wapi, aliitazama simu mkononi mwangu. Bado hajaniambia.

Wewe unayecheka, fungua yako sasa, uone umemruhusu nani asome na kujibu. Kuna mtu amekuamini, na hajui umeshamuuza.