Rola ya Mti wa Omurembe

Mume wangu Onesmus alikuwa mtu wa nyasi. Usicheke. Miaka kumi na minne alisukuma mashine ya kukata nyasi mbele ya nyumba ya afisa hapa Kakamega, na kazi yake aliijua kuliko alivyonijua mimi. Mzungu wake alipofungasha virago, mwaka ule baada ya uhuru, wabebaji waliangusha sanduku la vyombo juu ya mashine, rola ya mbele ikapasuka vipande viwili. Mzungu akasema pole, akapanda gari, huyoo. Sisi tukabaki na mashine isiyokata.

Mashine yenyewe haikuwa na injini, ilikuwa ya kusukuma kwa mikono. Visu vyake vinazunguka, na mbele ya visu kuna kigogo cha chuma kinachobingirika chini. Hicho ndicho rola. Kinashikilia visu visichimbe udongo. Kikivunjika, mashine inafukua ardhi kama nguruwe.

Afisa mpya akaingia, Bwana Protus, kijana wa tai, wa kwetu kabisa, anayesema lugha yetu. Tulishangilia, mimi hasa. Siku ya kwanza akamwita Onesmus.

"Mzee, Jumamosi ya wiki ijayo nina wageni hapa nje. Nataka nyasi za kueleweka. Kama kazi imekushinda, sema mapema. Watu wanaoitaka ni wengi, na hicho chumba chako pia wanakitaka."

Chumba hicho, nyuma ya nyumba kubwa, ndicho tulichokuwa nacho duniani. Shamba la Navakholo ndugu zake walikwisha kuligawana yeye akiwa huku anasukuma mashine. Tukitolewa pale, mimi na yeye na binti yetu Jescah hatukuwa na pa kuweka hata kitanda.

Basi Onesmus akaanza kutafuta rola. Dukani wakamwambia itaagizwa Ulaya, angoje miezi mitatu. Akaenda kwenye nyumba iliyoachwa na Mzungu mwingine, mlinzi akampa rola ya mashine kuukuu, chuma laini kisicho na mitaro. Akaifunga, akasukuma. Kwa mvua zetu za kila alasiri, nyasi zilikuwa zimekwisha kupita vifundo vya miguu. Ile rola laini ikazilaza chini, visu vikapita juu, na asubuhi zikaamka zote zikitucheka.

"Nataka yenye mitaro," akaniambia. "Nyasi zipite kwenye mitaro zikiwa zimesimama, visu vizikute." Ya mitaro haikuwepo popote, kwa hiyo akaamua kuichonga.

Akachonga ya mkaratusi mbichi, ikapasuka kesho yake. Akachonga nyingine ya mti mwingine mbichi, ikapinda. Alihitaji mti mkavu, na wewe niambie, nani Kakamega anaacha gogo kavu lilale nje? Wanawake wangelimaliza kwa kuni kabla ya saa sita. Gogo kavu lilikuwepo moja tu, kando ya barabara ya Malava. Lilikuwa limelala mwaka mzima tangu watu wa barabara waling'oe, na hakuna aliyeligusa. Lilikuwa la omurembe.

Kama hutoki kwetu, nikueleze. Omurembe ndio mti watu wanaouapia. Mkishtakiana wizi au uchawi, mnapelekwa kwenye mti huo, na aliyedanganya, watu husema, hamalizi mwaka. Hatuupasui, hatuuchomi, hatuuleti nyumbani. Onesmus aliingia nao begani mchana kweupe, ameufunika gunia.

"Baba Jescah! Umepatwa na nini?"

"Mama Jescah, mimi nilibatizwa. Huu ni mti tu. Tena ni mkavu, na mwepesi."

"Watu hawachezangi na huo mti!"

"Basi hao watu wanipe rola."

Ningemwambia nini, na Jumamosi inakuja?

Alichonga siku tatu. Alitoboa katikati kwa chuma chekundu, akapitisha ekseli, akapaka grisi. Mitaro aliipima kwa uzi, kila mmoja upana wa kidole. Akaipaka rangi ya kijani, ukiiona ungeapa imetoka Ulaya. Na alipoijaribu, jamani! Nyasi ziliingia wima, zikatoka zimekatwa sawasawa, mstari kwa mstari. Nilisahau hofu yangu nikapiga kigelegele. Onesmus alicheka mpaka akakaa chini.

Kosa langu ni yale mabaki. Aliniambia, "Choma hayo maganda yote." Tulibatizwa siku moja, mimi na yeye, lakini mkono wangu ulikataa. Nichome omurembe kwenye moto ninaopikia obusuma, ugali wa mtoto? Niliyarundika nyuma ya choo, nikayafunika majani ya ndizi. Mjinga mimi! Ningeyachoma tu!

Ijumaa akafika mama yake Bwana Protus kutoka Lugari, Mama Namalwa. Jiko la stima hakulitaka, alitaka kuni za kumpikia mwanawe kuku. Akazunguka nyuma kutafuta vijiti, akafunua majani yangu. Ganda la omurembe ni nene, lina miiba, hata kipofu atalijua kwa vidole. Mimi nilikuwa naanika nguo. Alilitazama lile ganda, akainama kwenye mashine iliyoegeshwa ukutani, akakwaruza rangi kwa ukucha. Kisha akanishika mkono, akaniwekea kile kipande kiganjani.

"Mwanangu, niambie. Mumeo amechonga nini na mti huu?"

Sasa ningedanganya vipi, omurembe uko mkononi mwangu? Nilimwambia yote. Nilimwambia mpaka na gunia.

Jumamosi viti vilipangwa katikati ya zile nyasi, vitambaa vyeupe mezani. Sijapata kuona nyasi nzuri vile tena. Lakini habari ilikuwa imetoka jikoni tangu asubuhi, na wageni walikuwa watu wetu, makarani, walimu, wake zao. Walisimama barazani, hakuna aliyetaka kukanyaga nyasi zilizokatwa kwa omurembe. Wengine walisimama kwenye murram, ile njia ya changarawe, karibu na magari, kikombe mkononi, wakizungumza Kiingereza. Viti vilikaa vitupu mpaka jioni. Afisa Mzungu angeona rola tu, angempa Onesmus shilingi ya asante. Sisi tulikuwa tumepata mkubwa anayejua miti.

Wageni walipoondoka, Onesmus alibaki katikati ya nyasi akikunja vitambaa, kwa sababu mpishi wa nyumba kubwa alikataa kuvifuata. Bwana Protus akaja, akasimama kwenye murram. Nilikuwa mlangoni pangu, nilisikia kila neno, maana ilibidi wapaaze sauti.

"Onesmus, mimi nimesoma. Mambo ya miti siyaamini. Unanisikia? Siyaamini hata kidogo."

"Nakusikia, bwana."

"Lakini mama yangu hatalala hapa. Mpishi amesema anaondoka. Mke wangu analia. Nifanye nini mimi? Mwezi ukiisha, utanipa ufunguo wa chumba."

"Bwana, nitaitoa hiyo rola. Nitakata kwa panga, nyasi zote, kila siku."

"Zimekwisha kukatwa nayo, mzee."

Onesmus akavuta kiti kimoja, akakipangusa kwa kile kitambaa cheupe.

"Basi njoo ukae kidogo, bwana. Tuzungumze. Wewe huyaamini, na mimi siyaamini. Njoo tu ukae."

Bwana Protus alitazama kiti. Akatazama nyasi zilizokuwa kati yao, hatua kama kumi hivi.

"Nina haraka," akasema, na akarudi ndani kwa kuzunguka kwenye murram.